Kopo Namba Thelathini na Mbili

Molle Pampa, 12 Februari 1995

Kaka Nemesio,

Usianze kuhesabu miezi niliyokaa bila kukuandikia, maana na mimi nitahesabu ya kwako na wewe ndiye utakayeaibika. Hatujambo wote, ukiacha sisi wagonjwa. Mume wangu bado yuko Santa Cruz anakata miwa. Yola ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka kama bibi kizee.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita walikuja madaktari kutoka Cochabamba wakatutoa damu nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya ugonjwa wa vinchuka, yule mdudu wa nyufa za ukutani aliyemmaliza Mama. Ninao. Usinililie, bado natembea. Lakini Benita, jirani yangu na komadre wangu, yule aliyemsimamia Yola ubatizo, wake umeshaingia moyoni. Akienda kisimani anapumzika mara nne njiani, na hataki mtu amshikie ndoo.

Sasa imekuja dawa mpya, wanataka kuijaribu kwetu. Daktari Ugarte alitukusanya shuleni, kavaa viatu vyeupe katika matope haya, akatuambia, mimi nikiwatafsiria wasiojua Kihispania, kwamba nusu yetu tutapata dawa yenyewe na nusu vidonge vitupu, unga mtupu uliovikwa ganda lilelile. Nani kapata nini hakuna ajuaye, hata yeye. Mzee Faustino akamuuliza, "Kwa hiyo daktari unatuchezesha bahati nasibu?" Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nimepewa kopo namba 31, Benita 32. Siku sitini, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Tunaanza kesho.

Wewe uko ofisi ya dawa ya serikali, unalipwa kwa kukaa na siri kama hizi. Nitazamie tu: 31 ni nini, na 32 ni nini? Andika neno moja, nitaelewa. Usipige simu mjini Mizque, pale foleni nzima inasikiliza.

Na wewe, umepima? Tulilala chumba kimoja, ukuta mmoja. Usinijibu kwa hotuba.

Mdogo wako,
Casilda


La Paz, 27 Februari 1995

Mdogo wangu Casilda,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na koti sijavua. Pole. Sitalia, kwa kuwa umenikataza.

Sijui kopo lako lina nini. Orodha hiyo imo ndani ya bahasha iliyofungwa, iko kwa watengenezaji, na haitafunguliwa mpaka mwisho. Hata ningeijua nisingekuambia. Najua sasa umekunja uso kama Mama.

Hicho kidonge kitupu mnakiona dhuluma. Lakini fikiri: mtu hupata nafuu kwa mambo mengi. Mavuno yamekuwa mazuri. Kuna daktari hatimaye aliyeweka sikio kifuani pake. Ameamini. Tukiwapa wote dawa, tutajuaje ni dawa iliyowaponya? Hii yenu imeshajaribiwa kwa panya na mbwa, kisha kwa watu wachache wazima ili kuona inadhuru nini, kisha kwa wagonjwa wachache ili kutafuta kiasi. Sasa imefika kwa mamia, ndio ninyi. Baadaye hayo yote yatakuja kwetu kwenye faili refu kama Yola, na sisi tutakaa tukitafuta uongo ndani yake. Ndiyo kazi yangu. Si tamu, lakini kuna nchi zilizowahi kuiruka na watoto wakazaliwa bila mikono.

Jambo moja nakuomba unisikilize. Dawa ni kiasi. Ikipungua kwenye damu chini ya kiwango chake, haiui kitu. Vijidudu vinakaa navyo vinaizoea, na mwili unaumia bure. Nusu dozi si nusu ya kupona. Nusu dozi ni bure kabisa, tena wakati mwingine ni mbaya kuliko bure. Meza kama ulivyoelekezwa, usiruke hata siku moja.

Kuhusu kupima, nina kazi nyingi.

Kaka yako,
Nemesio


Molle Pampa, 22 Machi 1995

Kaka Nemesio,

Hotuba nimeipata. Tunameza asubuhi na jioni, ukae kwa amani.

Vidole vinaniwasha kama niliyesaga pilipili kwenye jiwe bila kunawa. Benita naye vivyo hivyo. Kwa hiyo sote wawili tumepata dawa yenyewe, siyo? Daktari Ugarte anaandika tu kwenye daftari lake, ukimuuliza anatazama viatu.

Tusiyaongee tena haya. Nakutumia mahindi makavu kwa lori la Jumatano. Umepima?

Casilda


La Paz, 10 Juni 1996

Casilda,

Mwaka mzima umenitumia mahindi na Yola amenichorea punda, lakini habari za dawa hukuandika hata mstari. Mimi nami sikuuliza. Sasa nauliza, na barua hii ukishaisoma itie jikoni iungue.

Faili la dawa yenu liko mezani kwangu. Mimi ndiye niliyepewa kulipitia, na wiki tatu silali vizuri. Mabonde matano yalijaribu. Katika manne, dawa imefanya kazi hadi nikainuka kitini. Miaka kumi na nne nasoma mafaili na sijawahi kuinuka kitini. La tano ni lenu. Kwenu, waliopewa dawa hawakupona, na waliopewa vidonge vitupu wana dawa kwenye damu. Kidogo, lakini ipo. Unga haugeuki dawa tumboni mwa mtu, Casilda.

Watengenezaji wanasema chupa za damu zilichanganywa maabara. Mwenzangu wa dawati la pili anasema Daktari Ugarte alipika takwimu. Mkuu wetu anasema samaki mmoja akioza wote wameoza, tulirudishe faili lote. Likirudishwa, watengenezaji watafunga virago. Ugonjwa wa watu wanaoishi kwenye nyumba za udongo hauna wa kuugombania.

Kwa hiyo nakuuliza kama kaka. Je, kuna yeyote pale aliyempa mwenziwe vidonge vyake? Hata kimoja?

Benita anaendeleaje?

Nemesio


Molle Pampa, 21 Juni 1996

Kaka Nemesio,

Kila kitu kikiharibika mjini, mwenye makosa ni mtu wa shambani. Tumeambiwa tumeze, tumemeza. Tumetoa damu mara sita, tumekojoa kwenye vikopo kama watoto, na sasa tunaulizwa kama sisi ni wezi. Waulize hao wa maabara. Waulize wenye makoti meupe waliosafirisha damu yetu juani juu ya lori la vitunguu.

Hakuna aliyempa mtu kitu. Naapa kwa kaburi la Mama, ambalo hujalikanyaga sikukuu mbili za watakatifu zilizopita.

Benita analala amekaa. Akilala chali anasema maji yanampanda. Jana nilimkuta ameegemea gunia la viazi, mdomo wa bluu, akanifokea, "Unanitazama nini, komadre? Nimekuwa picha ya ukutani?" Kisha akaniomba nimfunge nywele maana mikono haifiki tena nyuma ya kichwa.

Dawa hiyo ipitisheni upesi, mwache kutafuta wachawi.

Casilda


La Paz, 4 Julai 1996

Casilda,

Umeapa kwa kaburi la Mama. Hukuombwa kiapo, uliombwa jibu. Tangu utotoni ukiapa najua.

Tarehe 26 mwezi huu tunakaa kikao. Nimetakiwa niandike pendekezo langu, na kwa yaliyomo ndani ya faili naweza kuandika jambo moja tu: irudishwe. Sina pa kushika. Nikisema "bonde la tano liondolewe kwenye hesabu," wataniuliza kwa sababu gani, na sababu sina. Daktari Ugarte ameshaitwa ajieleze, na ana watoto.

Barua yako ya mwaka jana nimeisoma tena. Vidole vyako viliwasha, vya Benita vikawasha. Umeniandikia mwenyewe, na mimi mjinga nikacheka.

Barua ni siku tisa kutoka kwako mpaka kwangu. Hesabu mwenyewe.

Nemesio


Molle Pampa, 12 Julai 1996

Kaka Nemesio,

Hii naipeleka Mizque kwa miguu yangu, nimpe dereva wa basi mkononi, ifike.

Tulichanganya.

Si sisi wawili tu. Nyumba kumi na moja, zote za upande huu wa mto. Wewe umekaa sana mjini, lakini ayni hujaisahau. Leo kwangu tunapanda viazi, kesho kwako. Ng'ombe wangu analima kwako, wako kwangu. Hakuna nyumba hapa inayoshiba ukuta kwa ukuta na nyumba yenye njaa. Kisha anakuja mtu wa viatu vyeupe anatuambia wewe utapona na mwenzio ataramba unga, na asubuhi mkutane kisimani msalimiane. Ni mtu gani anayeweza? Kizuri kula na nduguyo, si ndivyo tulivyolelewa?

Basi siku ya tatu tulikusanya makopo nyumbani kwa Benita. Kila majirani wawili wakamimina vidonge vyao kwenye mtungi mmoja, tukatikisa, tukagawana. Ganda moja, rangi moja, hakuna aliyejua chake. Tulinyunyiza chicha, pombe yetu ya mahindi, chini kwa ajili ya ardhi, tukarudi nyumbani tumefurahi. Nakuambia kweli, tulifurahi. Tulijiona tumewashinda. Benita ndiye aliyeanzisha wazo, unajua moyo wake.

Barua yako ya nusu dozi ilifika siku ya ishirini na tano. Niliisoma peke yangu. Niliikunja nikaitia chini ya godoro. Ningesema nini? Mtungi ulikuwa umeshatikiswa. Nusu yangu ilikuwa tumboni mwake na yake mwangu. Nilijiambia mtu wa karatasi hajui kila kitu.

Sasa andika hilo pendekezo lako. Andika majina yetu ukitaka. Mwondoe Daktari Ugarte kitanzini, yeye hakujua. Alikuwa anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye makopo na hesabu ilitimia, maana tulivirudisha kwa idadi.

Benita amevimba miguu mpaka magotini.

Casilda


Oruro, 9 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Unaona anwani. Nitakueleza.

Tarehe 26 niliingia kikaoni na barua yako mfukoni. Nilikuwa nimepanga kuisoma bila jina. Mkuu akauliza, "Umeipataje?" Nikasema, "Ni ya dada yangu. Alikuwa kwenye majaribio, kopo namba 31." Siku niliyoona jina la Molle Pampa kwenye faili nilipaswa kulirudisha palepale na kusema nina damu yangu humu ndani. Ndiyo sheria, na mimi mwenyewe huwafundisha vijana sheria hiyo. Sikusema. Nilitaka dawa ile ipite kwa mikono yangu.

Mkuu akaniuliza tena, "Na wewe, Claros, una maslahi yako mwenyewe?" Nikamwambia kitu ambacho hata wewe sijakuambia. Nilipima mwaka 1989. Ninao. Moyo wangu unaruka mapigo kwa miaka mitatu sasa, napanda ngazi za ofisi nikijifanya nasoma barua ili nipumzike. Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama alikuwa akisema, naye mwenyewe akaficha, na sisi tumemrithi yote mawili.

Nimeondolewa kwenye faili. Nimeletwa huku kukagua maduka ya dawa. Jana nilikamata dawa ya macho iliyokwisha muda kabla Yola hajazaliwa, na mwenye duka akaniambia macho ya watu wa Oruro hayana makuu. Sina kinyongo. Walinitendea haki.

Sasa yaliyo muhimu. Barua yako imeingizwa kwenye faili. Bonde lenu limetolewa kwenye hesabu, manne yamebaki, na wakaguzi wapya wanaanza upya. Daktari Ugarte yuko salama. Kwa kadiri ninavyowajua, itachukua mwaka mmoja na nusu mpaka dawa isajiliwe.

Najua unachotaka kusema. Benita hana mwaka mmoja na nusu.

Kuna mlango wa pembeni. Mgonjwa mahututi asiye na njia nyingine anaweza kuombewa dawa kabla haijasajiliwa, kwa jina lake peke yake. Daktari Ugarte atawaletea fomu. Mimi sitaigusa, sina haki tena. Lakini nimeijaza mara nyingi kwa watu wengine na najua inapokwama: swali la tisa. Mgonjwa amewahi kutumia dawa hii? Kutoka kopo gani, kiasi gani, pamoja na nani, na ilikuwaje? Kwa jibu hilo wanapanga kiasi cha kumpa safari hii. Wakinusa uongo wanaikataa, na haiombwi mara ya pili. Kisha mgonjwa husomewa majibu yote, neno kwa neno, ndipo aweke kidole.

Mweleze ukweli wote Daktari Ugarte.

Kaka yako,
Nemesio


Molle Pampa, 2 Septemba 1996

Kaka,

Miaka saba! Miaka saba unajua, na mimi kila barua nakuuliza kama mwendawazimu. Ningekuwa karibu ningekupiga na mwiko. Nimelia mpaka Yola akaja na kikombe cha maji. Kunywa dawa zako za moyo, na uache kupanda ngazi kwa ushujaa.

Daktari Ugarte ameleta fomu. Ameniachia wiki moja nijaze swali la tisa, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua nani alimeza nini. Nimelala na karatasi hiyo siku nne. Kaka, nilikuandikia ukweli ila haukuwa mzima.

Siku ya kwanza nilimeza kidonge. Siku ya pili nilikitafuna. Nilitaka kujua. Chini ya ganda palikuwa na ladha ya unga wa mahindi, tamu kidogo, bure kabisa. Mchana nikaenda kwa Benita kumsaidia kupukuchua mahindi. Alipotoka kufukuza kuku niliingia kwenye kopo lake nikachukua kimoja, nikakitafuna. Kilikuwa kichungu mpaka machozi yakanitoka. Benita aliporudi akaniuliza, "Nani kakufia?" Nikamwambia ni vumbi la mahindi.

Nilijua, Kaka. 32 ilikuwa dawa. 31 ilikuwa unga. Yeye ndiye mwenye moyo uliotanuka, na Mungu alikuwa amempa yeye. Usiku ule nilimwona Mama alivyoanguka juu ya kikapu siku aliyokufa, nikamwona Yola amesimama pale niliposimama mimi. Siku ya tatu nikaenda kwa Benita nikamwambia, "Komadre, tufanye ayni na hivi vidonge, iwe haki." Ni mimi. Si yeye. Yeye alinikumbatia, akasema moyo wangu ni mkubwa. Kisha yeye kwa wema wake akaenda kuwaambia wengine, na nyumba kumi na moja zikafuata.

Nilimnyang'anya nusu ya dawa yake, akanishukuru.

Sasa sikiliza jambo linalonitafuna. Fomu ni ya Kihispania. Benita anajua Kiquechua tu, na kusoma hajui. Daktari Ugarte hajui Kiquechua hata cha kuombea maji ya kunywa. Katikati yao niko mimi. Naweza kuandika kweli yote kwa Kihispania, wakubwa wakaipata, dawa ikaja, na kwa Kiquechua nikamsomea Benita kwamba tulichanganya kwa upendo. Hakuna atakayejua. Atapona akiwa rafiki yangu. Nikimsomea yote anaweza kuikataa fomu kwa hasira, unamjua, mtu aliyekataa kushikiwa ndoo. Hapo nitakuwa nimemuua mara mbili.

Niambie nifanyeje. Jibu upesi, nimemwomba daktari anipe muda zaidi.

Casilda


Oruro, 10 Septemba 1996

Casilda,

Kidole ni chake. Hawezi kukiweka juu ya neno ambalo hajalisikia.

Ningeweza kukuandikia kurasa tatu na zote zingekuwa za kujificha. Sina haki ya kukuhukumu. Ningetafuna na mimi.

Nemesio


Molle Pampa, 24 Novemba 1996

Kaka Nemesio,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa sina la kuandika ila lililokuwa nusu.

Nilimsomea. Daktari Ugarte alikaa kwenye kigoda, mimi nikasimama, Benita kwenye gunia lake. Maswali manane ya mwanzo yalikwenda vizuri, hata akatania alipoulizwa kama ana mimba. "Mwambie daktari, kama ninayo ni ya Roho Mtakatifu." Daktari akauliza anasema nini. Nikamtafsiria, masikio yakamwiva.

Swali la tisa nikalisoma kwa Kihispania kwanza, polepole, nikisogeza wakati. Kisha kwa Kiquechua. Nilisema yote. Mahindi, kuku, uchungu mdomoni, siku ya tatu. Sikuongeza hata neno la kujitetea, ingawa nilikuwa nimeyaandaa mengi.

Benita akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nilikukumbatia," akasema.

"Ulinikumbatia."

Akamtazama daktari, ambaye alikuwa anatabasamu hajui kitu maskini, akanyoosha mkono. "Lete wino." Akaweka kidole, akakifuta kwenye sketi, akasema, "Sasa toka."

Nilitoka. Nikakaa kwangu wiki nane, na katika wiki nane hizo hakunitazama hata kisimani, kwa kuwa hakuja kisimani, alichotewa na wengine. Wanajua wote. Aliwaambia yeye mwenyewe kwa sauti, siku ya watakatifu, makaburini alikobebwa, mbele ya mikate tunayowawekea wafu. Nyumba kumi na moja. Mzee Faustino alitema majani yake ya koka karibu na mguu wangu. Sikumlaumu, vidonge vya mkewe vilikuwa kwenye mtungi mmoja na vyake. Nilimwekea Mama mkate wake, na mmoja kwa niaba yako, nikaondoka peke yangu.

Dawa ilifika tarehe 12 mwezi huu. Kopo moja, halina namba, limeandikwa jina lake. Daktari akasema lazima awepo mtu wa kumshuhudia akimeza, asubuhi na jioni, siku zote sitini, na atie alama kwenye karatasi. Watu watatu wakajitolea. Benita akakataa wote. Akamwambia Yola wangu, "Kamwite mama yako."

Nilifika mlangoni. Hakuniambia karibu. Alisema, "Utakuja asubuhi na jioni na maji yako mwenyewe. Utasimama hapo. Nitameza mbele yako, kizima, kisha kingine, kisha kingine, mpaka viishe vyote, nawe utatazama. Ulitaka kujua vina ladha gani."

Ndivyo ninavyofanya. Anakitia mdomoni, Kaka, anakitafuna. Hakimezi na ganda lake. Anakitafuna akinitazama, uso wote unajikunja, ndipo anapokea maji. Mimi natia alama, nasema jioni njema, naondoka. Hajibu. Daktari anasema vijidudu vyake huenda vimeshaizoea dawa kwa ile nusu ya mwanzo, hawezi kuahidi kitu. Miguu bado imevimba. Jumanne alipanda hatua tano za mlangoni bila kusimama, lakini hatua tano ni tano tu.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Siku kumi na moja nimesimama pale mlangoni na mtungi wangu wa maji. Jioni hii alitafuna, akanywa, nikatia alama. Nilipogeuka niondoke nikasikia kitu kinakwaruza sakafuni. Alikuwa amekisukuma kigoda kwa mguu wake uliovimba, kikafika katikati ya chumba. Alikuwa anatazama ukuta.

Nilikaa.

Casilda